Mwanangu, kabla hujamkimbilia nabii

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, ila mguu unamsumbua mvua ikinyesha, na bado anakwenda sokoni kwa baiskeli wala hasikii la mtu. Mdogo wako ameanza kuimba kwaya. Sisi wengine tu wazima.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu wewe huniwahi kabla sijamaliza sentensi. Unasema mnayelala naye chumba kimoja, yule anayesoma historia, amekuambia kuwa unabii wa Biblia uliandikwa baada ya mambo kutokea. Halafu wenzako wa ushirika wanakuvuta uende nao mkesha kwa nabii mmoja hapo Kampala, wakisema kama Mungu alitimiza maneno ya Isaya, basi atatimiza na ya huyu. Umebaki katikati: mmoja anakutaka usiamini chochote, wengine wanakutaka uamini kila kitu.

Nianze na huyo wa historia, maana swali lake ni zuri na ni la zamani. Katika karne ya tatu baada ya Kristo kulikuwa na mwanafalsafa aitwaye Porphyry, mpinzani mkubwa wa Wakristo. Alisema kitabu cha Danieli hakikuandikwa Babeli, bali siku za Wamakabayo, wale Wayahudi walioasi wafalme wa Kigiriki, wakati mambo ya wafalme wa Kigiriki kinayoyaeleza yalikwisha kupita. Wasomi wengi wa vyuo vikuu leo wanasema kama yeye, na wapo waumini wasomi wanaowapinga kwa hoja zao. Kwa hiyo mwenzako hajavumbua kitu, na wewe usimwone adui. Mimi niliyezeeka na chaki mkononi namwelewa. Mwanafunzi aliyekuwa akipata ishirini akileta mia kwa mia, jambo la kwanza mwalimu analotaka kujua ni kama alikwisha kuuona mtihani.

Basi tuulize hivyohivyo. Maneno haya yaliandikwa lini, na tuna uhakika gani? Je, mtu angeweza kuyatimiza kwa kujipangia mwenyewe? Na je, yanasema kweli kile tunachodai yanasema, au sisi ndio tunaoyavuta?

Ukishika maswali hayo utaona unabii wa Biblia hauna uzito mmoja. Wahubiri wetu huumwaga wote kwa pamoja kama vile ni kitu kimoja, na hapo ndipo watu kama mwenzako wanapopata pa kuingilia. Chukua Zekaria, anayesema mfalme wa Sayuni anakuja amepanda punda. Yesu alilijua andiko hilo, akawatuma wanafunzi wamletee punda, akampanda akaingia Yerusalemu. Huko ni kutimiza kwa makusudi. Alikuwa anatangaza kwa kitendo kwamba yule mfalme ndiye yeye, na kila aliyejua maandiko alielewa. Lakini ukimwambia mtu asiyeamini kwamba hilo ni ushahidi, atacheka, na atakuwa na haki ya kucheka.

Bethlehemu ni tofauti, maana hakuna mtu anayejichagulia pa kuzaliwa. Mika aliutaja mji huo mdogo wa Yuda karne nyingi kabla. Tena si Wakristo waliobuni kwamba andiko hilo linamhusu Masihi: katika Yohana sura ya 7 watu wanalitumia kumpinga Yesu, wanasema Kristo hutoka Bethlehemu, huyu ni wa Galilaya, hawezi kuwa yeye. Mwenzako atasema Mathayo na Luka walimpeleka Bethlehemu kwa kalamu ili andiko litimie. Mjibu kwamba hao wawili wanasimulia habari mbili zisizofanana kabisa, mmoja ana mamajusi na Herode, mwingine ana hesabu ya watu na wachungaji wa usiku, na bado wote wanafika mji uleule. Watu waliokaa chini kutunga pamoja wangelinganisha habari zao. Hilo halimalizi ubishi, najua, ila ni hoja ya mtu mzima.

Sasa nenda Isaya 53. Hapa nataka utulie.

Mwaka 1947 vijana Wabedui wachungaji waliingia katika pango huko Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, wakakuta mitungi yenye magombo ya ngozi. Moja lilikuwa kitabu cha Isaya, karibu kizima, sura zote 66 isipokuwa vipande vidogo vilivyochakaa. Lina urefu wa zaidi ya mita saba. Wataalamu wamelipima kwa mwandiko na kwa kaboni, na wanaliweka zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Leo liko katika jumba la makumbusho la Israeli, Yerusalemu. Kabla ya hapo, nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana zilikuwa za miaka ya 900 na 1000 baada ya Kristo, kwa hiyo gombo hili lilirudi nyuma miaka elfu moja kwa mkupuo. Ndani yake sura ya 53 ipo. Mtu anaweza kubishana kama Isaya mwana wa Amozi aliandika sura zote 66 au wanafunzi wake waliendeleza, lakini kuhusu sura hii na Yesu ubishi wa tarehe umekufa. Wino ulikuwa umekauka kwenye ngozi ile zaidi ya karne moja kabla Mariamu hajazaa.

Isome polepole. Mtu wa huzuni, aliyedharauliwa na kukataliwa. "Bali alijeruhiwa kwa makosa yetu, alichubuliwa kwa maovu yetu; adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, na kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Anapelekwa kama mwana-kondoo machinjoni na hafungui kinywa. Anahesabiwa pamoja na wakosaji, halafu kaburi lake linatajwa pamoja na tajiri. Na baada ya kufa, andiko linasema ataishi siku nyingi na kuona matunda ya taabu ya nafsi yake. Anayeishi siku nyingi baada ya kuzikwa ni nani?

Hata wanahistoria wasiosali wanakubali kwamba Yesu alisulubiwa chini ya Pontio Pilato. Tacitus, Mrumi ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika kwamba Kristo aliuawa na liwali huyo wakati Tiberio akitawala. Tena kwa Wayahudi wa wakati ule Masihi aliyetundikwa mtini hakuwa habari ya kumvutia mtu. Torati yenyewe inasema aliyetundikwa amelaaniwa. Kama mitume walikuwa wanatunga habari ya kuwafurahisha watu, walichagua habari mbaya kuliko zote. Nadhani mambo yalikwenda kinyume na anavyodhani mwenzako: waliona kwanza, wakashtuka, ndipo wakarudi kwenye maandiko wakayakuta yamekaa pale yakiwangoja. Luka anawaeleza wale wawili wa njia ya Emau hivyohivyo. Walikuwa wanasoma manabii tangu utoto na hawakuelewa neno.

Lakini usimwambie mtu kwamba hakuna usomaji mwingine. Unawakumbuka Abayudaya wa kule Mbale. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, alisoma Agano la Kale mpaka mwaka 1919 akaamua kuwa Myahudi, na watu wake wapo hadi leo, pamoja na kwamba Amin aliwapiga marufuku. Nao wanasoma Isaya. Wayahudi wengi, tangu mfafanuzi wao Rashi wa karne ya 11 na hata kabla yake, husema mtumishi anayeteseka ni taifa la Israeli lenyewe. Wana sababu: katika sura za jirani Mungu anasema wazi, "Israeli, mtumishi wangu." Mimi nawauliza hivi: mbona sura ya 53 inasema mtumishi alipigwa kwa makosa ya watu wangu? Watu wa Isaya ni Israeli. Basi mtumishi huyu anasimama mahali pa Israeli na kubeba dhambi ya Israeli. Ndiyo maana naamini ni mtu mmoja aliyefanya kazi ambayo taifa zima liliitiwa. Unaweza kusema hayo kwa adabu, na mkaendelea kula pamoja.

Na swali la mtumishi huyu ni nani, wa kwanza kuliuliza kwa sauti katika Matendo ya Mitume ni Mwafrika. Sura ya 8. Mtu wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, anarudi kwao kwa gari, anasoma Isaya 53, anamuuliza Filipo: "Nabii huyu asema maneno haya kwa habari ya nani, ni habari zake mwenyewe au za mtu mwingine?" Makandake walitawala kutoka Meroe, kwenye mto Nile, kaskazini ya Khartoum ya leo. Maji yanayopita hapa kwetu chini ya daraja la Jinja yanakwenda hukohuko. Huwa nawaambia watoto wa shule ya Jumapili hivyo, nao hukimbilia dirishani kana kwamba mto unaonekana kutoka kanisani.

Kuna mambo ambayo wahubiri hupenda na mimi nayapunguzia sauti. La kwanza ni zile hesabu za uwezekano: wanachukua unabii nane, wanaupa kila mmoja sehemu fulani ya nafasi, wanazidisha, wanapata tarakimu yenye sifuri zisizohesabika. Mwanangu, mimi ni mwalimu wa hesabu. Kuzidisha namna hiyo kunataka matukio yasitegemeane, na haya yanategemeana. Tena zile tarakimu za kwanza zimetoka kichwani mwa mtu. Ukianza na makisio, unamaliza na makisio, hata ukiyaandika kwa sifuri kumi na saba. Usimpelekee mwenzako hesabu hiyo. Ataibomoa kwa dakika mbili, na atafikiri amebomoa Isaya.

La pili ni Tiro, mji wa baharini. Ezekieli 26 anatabiri mataifa mengi yatakuja juu yake, na mawe yake, miti yake na mavumbi yake vitatupwa majini. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, akauzingira miaka 13. Kisha mwaka 332 K.K. Alexander akaja, watu wamejifungia kisiwani, naye akachukua kifusi cha mji wa zamani uliokuwa bara akakijaza baharini, akatengeneza njia ya kuvukia, akauteka baada ya miezi saba. Njia ile ipo mpaka leo. Tiro si kisiwa tena. Nikisoma mstari wa mavumbi kutupwa majini nasisimka. Lakini sura hiyohiyo inasema mji hautajengwa tena, na leo Tiro upo Lebanoni, una watu na soko. Wapo wanaojibu kwamba ule ufalme wa bahari ndio haukurudi tena. Huenda. Kinachonifanya nimwamini Ezekieli ni kitu kingine: katika sura ya 29 anasema mwenyewe kwamba Nebukadreza hakupata mshahara kwa kazi ile ya Tiro. Mtu anayeghushi unabii baada ya tukio hasemi hivyo. Angeufuta mstari na kuandika upya.

Koreshi, mfalme wa Uajemi, nimpitie haraka. Isaya anamtaja kwa jina, naye aliiteka Babeli mwaka 539 K.K. na Wayahudi wakarudi kwao. Kuna silinda ya udongo iliyochimbuliwa Babeli mwaka 1879, sasa iko London, Koreshi akijisifu kwamba alirudisha watu na miungu yao makwao. Haiwataji Wayahudi, lakini tabia ya mfalme ni ileile ya kitabu cha Ezra. Wasomi wengi wanasema sura zile za Isaya ziliandikwa wakati Koreshi tayari anajulikana. Mimi sioni ugumu Mungu kulitaja jina mapema, ila kwa mtu asiyeamini Mungu huo si mlango wa kuanzia.

Hekalu ni mlango mzuri zaidi. Marko 13: wanafunzi wanashangaa mawe makubwa, Yesu anajibu, "Halitasalia hapa jiwe juu ya jiwe ambalo halitabomolewa." Mwaka 70 majeshi ya Tito yaliuteka Yerusalemu, hekalu likaungua na kubomolewa. Josephus, Myahudi aliyekuwapo upande wa Warumi, aliandika habari yote. Roma kuna tao la Tito ambalo limechongwa askari wakibeba kinara cha dhahabu cha hekaluni. Ukuta ambao Wayahudi husali hadi leo ni wa kushikilia uwanja wa mlima, si wa hekalu lenyewe, na chini yake wachimbaji wameacha barabarani mawe makubwa jinsi yalivyoanguka. Mwenzako atasema Injili ziliandikwa baada ya mwaka 70. Kuhusu Marko wasomi hawajapatana, wengi huiweka karibu na mwaka huo, wengine kabla. Lakini angalia Yesu anawashauri nini: wakimbilie milimani, na waombe isiwe wakati wa baridi. Hekalu liliungua kiangazi, mwezi wa nane. Ombi la namna hiyo ni la kabla ya tukio.

Sasa nikuambie unabii ninaouweka mbele ya yote, na ambao sijawahi kuusikia kwenye mkutano wa injili hata mmoja, sijui kwa nini.

Mungu anamwambia Abrahamu, mzee asiye na mtoto, "na katika wewe jamaa zote za dunia watabarikiwa." Zaburi ya 22 inaanza, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha," maneno aliyoyalia Yesu msalabani, na wahubiri huishia pale penye kugawana nguo kwa kura. Endelea mpaka mwisho. Mtu huyo huyo aliyeachwa anasema, "Miisho yote ya dunia itakumbuka, na watu watamrejea BWANA, jamaa zote za mataifa watamsujudia." Na Isaya 49, ndani ya gombo lilelile la Qumran, Mungu anamwambia mtumishi wake kwamba kuziinua kabila za Yakobo tu ni jambo dogo mno: "nitakutoa uwe nuru ya mataifa, upate kuwa wokovu wangu hata miisho ya dunia."

Fikiria nani anasema. Ni watu wa nchi ndogo iliyokanyagwa na kila mkubwa aliyepita, Ashuru, Babeli, Uajemi, Wagiriki, Roma. Miungu ya wakubwa hao leo nani anaiabudu? Mardoki wa Babeli ana kanisa gani Kampala? Lakini Mungu wa watumwa waliotoka Misri watu wanamwita huko Arua, wanamwita Soroti, wanamwita Kisoro. Baba yako ni Mlugbara, mimi Msamia, tulikutana kambini ambako watu wa kila kabila walisemeshana Kiswahili, na tulifunga ndoa kwa jina la Myahudi aliyeuawa na Warumi. Hata ndugu zangu Waislamu, tusioafikiana nao juu ya Yesu, wanamtaja Ibrahimu katika kila sala. Hakuna anayeweza kusema haya yaliandikwa baada ya kutokea, wala kwamba Mathayo aliyapanga. Mathayo hakujua kama Uganda ipo.

Na yalivyofika hapa hayakupangwa na mtu mmoja. Stanley alipopita kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875 alimwacha kijana Mwafrika, Dallington Maftaa, aliyesoma shule ya misheni Zanzibar. Huyo ndiye aliyemsomea Kabaka Biblia, kwa Kiswahili, kabla mmisionari wa kwanza wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana, hajakanyaga Buganda tarehe 30 Juni 1877. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walianza na Kiswahili hikihiki ambacho wenzako wanakicheka kwamba ni cha askari. Haikupita miaka kumi, tarehe 3 Juni 1886 vijana walichomwa moto Namugongo na hawakumkana Yesu. Nikisimama Namugongo siku ya mashahidi na kuona watu waliotembea kutoka Kongo na Kenya, nasema moyoni: jamaa zote za mataifa. Hili mwenzako alipime. Alete maelezo yake ya kihistoria, dola ya Kirumi, meli, ukoloni, yote ni kweli na sikatai. Mimi nauliza tu, nani aliyesema mapema kwamba itakuwa hivi?

Nije kwa nabii wako wa mkesha.

Kwanza ujue, jambo kutimia peke yake halitoshi. Inasimuliwa kwamba Buganda kulikuwa na utabiri wa zamani kwamba watakaoumeza ufalme watatokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Askofu Hannington akaja kwa njia hiyo, na Oktoba 1885 akauawa hapahapa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Miaka mitano baadaye Kapteni Lugard alipita njia hiyo, akavuka Nile, na ufalme kweli ukaingia mikononi mwa Waingereza. Utabiri ulitimia, na mtu asiye na hatia aliuawa kwa ajili yake. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati lina vipimo viwili. Sura ya 18 inasema jambo lisipotimia, nabii huyo amenena kwa kujikinai, usimwogope. Lakini sura ya 13 inatangulia kusema kwamba hata ishara ikitimia, kama nabii anakupeleka mbali na Mungu, usimfuate. Wenzako wanakijua cha kwanza tu.

Wewe ulikuwa hujazaliwa mambo ya Kanungu. Kibwetere na Mwerinde, viongozi wa dhehebu moja huko, walifundisha kwamba dunia itaisha mwaka 1999 ukimalizika. Watu wakauza ng'ombe, mashamba, mabati. Mwaka ukapita, siku ikasogezwa mbele. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao likaungua na watu ndani, wakiwamo watoto, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba zao kwingine. Mamia ya watu. Walisali sana wale, mwanangu, walifunga kuliko mimi. Kipimo cha sura ya 18 kilikuwa kwenye Biblia zao tangu tarehe 1 Januari, na hakikutumika. Na kabla ya hao Alice Lakwena, mwanamke aliyeongoza waasi akidai kuongozwa na roho, alileta vijana mpaka huku Busoga mwishoni mwa 1987, wamepakwa mafuta ili risasi zisiwapate. Baba yako alikuwa upande wa pili. Ukimuuliza atakuambia risasi zilifanya nini, kama siku hiyo anataka kusema.

Kwa hiyo nabii wako nisimhukumu bila kumsikia. Ila muulize haya, au umtazame tu. Je, anataja jambo wazi na siku, au anasema "naona mtu hapa anaumwa mgongo" katikati ya watu elfu mbili? Mwaka jana alitabiri nini, na nani aliyeandika? Lisipotokea, je, anasema nimekosea, au anasema imani yenu ilipungua? Na kwa nini kila neno analopewa linaishia kwenye bahasha? Isaya hakuuza maji. Yeremia alipotoa unabii alitupwa shimoni kwenye matope. Maneno yao yaliwagharimu wao, hayakuwagharimu wasikilizaji ada ya chuo.

Wakikuletea habari za taifa la Israeli la 1948 na ramani za vita vya mwisho, wasikilize, wapo watu wacha Mungu wanaoamini hivyo. Mimi siitundiki imani yangu hapo. Unajua mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao, ahadi ya ardhi, wakaiita Uganda, ingawa ilikuwa Uasin Gishu ambayo sasa ni Kenya? Mkutano wao ukaikataa mwaka 1905. Wangekubali, sijui wahubiri wetu wangechora ramani gani.

Yesu mwenyewe alieleza kwa nini alitangulia kusema mambo, usiku ule wa mwisho: awaambie kabla hayajawa, ili yatakapokuwa wapate kuamini ya kuwa yeye ndiye. Hakutaja kujua tarehe wala kujua nani atafaulu mtihani au kupata viza. Ni ili wamjue yeye.

Mkesha huo ni Ijumaa na Jumamosi una jaribio, kama nilivyosikia vizuri. Mimi ningelala. Lakini una akili na una umri, sitakufunga kamba. Ukienda, nenda na nauli ya kurudi tu mfukoni. Na huyo mwenzako wa historia mwambie nimemkaribisha Krismasi, aje na maswali yake. Kama hali samaki tutamtafutia kuku. Kabla ya hapo msome pamoja Isaya sura ya 52 kuanzia mstari wa 13 mpaka mwisho wa 53, bila kumwambia ni kitabu gani, halafu umuulize anadhani kinamzungumzia nani. Niambie alichojibu.

Pesa ya hosteli nitaituma Jumatatu. Baba anasema uangalie breki za boda kabla hujapanda.

Mimi mama yako.